Ukigawa dagaa, tarajia maneno

Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi ya dagaa ya Igombe na Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, hupumzika, maana kwenye mbalamwezi taa haziwavuti dagaa. Akina mama wanaoanika kwa ujira wa siku hukosa kazi, na wenye nafasi huona ndio wakati wa kugawa chakula. Basi maneno nayo huanza: anautaka udiwani, anatoa kafara, ametuletea chakula cha kuku.

Hilo la kuku lisikilize, mara nyingi lina ukweli. Dagaa walionyeshewa wakiwa mbichi hupoteza rangi, hunuka na kukatika vichwa, na kweli huishia kwenye chakula cha kuku. Bei yao ni rahisi, ndiyo maana wanashawishi. Chukua wakavu wanaong'aa, wasio na mchanga, wanaokatika kwa mlio ukiwakunja. Pesa ikipungua, punguza kipimo, usishushe ubora.

Kisha kupima. Debe la lita 20 hutoa sado (kopo la lita nne) tano za mfuto, yaani zilizojaa usawa wa mdomo. Wa kwanza akipimiwa ya kilima, wa mwisho atapata nusu, na ugomvi huo umeuleta mwenyewe. Pimia nyumbani, zote mfuto, funga mifuko, mpe mama mmoja anayeaminika mtaani aisambaze jioni. Picha usipige. Aliyepiga picha ameshika mfuko asinune akiitwa mgombea.

La kafara halina dawa. Mtu akiurudisha mfuko kwa hofu hiyo, upokee bila kumhoji, na kesho msalimie kama kawaida. Usiende kujitetea kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kila ufafanuzi huzaa swali jingine. Ila anayeuliza, "Mbona sisi umeturuka?" anastahili jibu: "Safari hii zimetosha kaya tano, nimeanza na wenye watoto wachanga." Ishia hapo. Ukiongeza ahadi, umejifunga.

Kumlipia mtu bili ya hospitali ni nyeti zaidi. Pesa ikipita mikononi mwa ndugu, atasemwa ameila hata kama hakuigusa. Omba namba ya malipo, lipa kwa simu, risiti abaki nayo mgonjwa. Na umwambie wazi, mbele ya ndugu yake mmoja, kwamba si mkopo. Usipolisema hilo ataanza kukukwepa njiani, nawe utasema hana shukrani, kumbe anadhani unamdai.