Steringi Wangu Aliwahi Kuosha Vyombo

Mjomba alinipeleka sinema ya Majestic, Tanga, mwaka 1969. Nilikuwa na miaka 14. Picha tulizozoea zilikuwa za Kihindi na za makauboi, na sisi wa viti vya mbele tulijua jambo moja: steringi hafi. Siku ile steringi alikuwa mtu mweusi, amevaa suti na tai, hana bastola, na kazi yake ilikuwa ualimu.

Picha yenyewe ni To Sir, with Love ya mwaka 1967, na mtu huyo ni Sidney Poitier. Anaigiza mhandisi kutoka Guyana aliyekosa kazi ya fani yake, akajikuta anafundisha vijana watukutu mashariki mwa London. Siku moja uvumilivu unamwisha, anavitupa vitabu vya darasa kwenye pipa la taka na kuwaambia kwamba kuanzia sasa wataitana kwa heshima, yeye na wao. Mimi nilikuwa natoka shule ambako darasa lilitulizwa kwa fimbo. Sikuwahi kuona mwalimu akilituliza kwa sauti peke yake. Tulipotoka nilimwambia mjomba nitakuwa mwalimu. Akanijibu, "Basi anza na kunyoosha mgongo kama yule." Nimefundisha shule ya msingi miaka 33, na hadi leo nikiingia chumba chenye watoto mgongo unanyooka wenyewe.

Kwa miaka mingi sikujua lolote kuhusu maisha yake. Nilidhani mtu wa namna ile alizaliwa na sauti ile, na kwamba alisomeshwa vizuri. Kumbe wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya katika kisiwa cha Cat Island, Bahamas. Yeye alizaliwa Miami Februari 1927, kabla ya miezi kutimia, wazazi walipokuwa wamesafiri kwenda kuuza nyanya. Sinema aliijua baada ya kuhamia Nassau, mji mkuu wa Bahamas. Picha ya kwanza kuiona ilikuwa ya makauboi, na ilipokwisha alizunguka nyuma ya jengo kuwasubiri ng'ombe na wapanda farasi watoke. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini kwanza. Mimi na wenzangu tuliwahi kuchungulia nyuma ya Majestic vilevile.

Akiwa na miaka 16 alifika New York, akawa muosha vyombo mikahawani. Alikwenda kujaribu uigizaji kwenye kikundi cha American Negro Theatre, Harlem, akapewa karatasi asome. Alisoma kwa kukwamakwama, na kwa lafudhi nzito ya visiwani. Mkuu wa pale akamtoa nje, akamwambia aache kuwapotezea watu muda, akatafute kazi ya kuosha vyombo. Kilichomchoma ni kwamba yule mtu hakujua kwamba ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Akanunua redio, akawa anawasikiliza watangazaji na kuyarudia maneno yao kama wanavyoyasema. Sauti niliyoisikia Tanga ilitoka kwenye redio hiyo.

Kusoma alifundishwa na mhudumu mmoja wa mkahawa alikofanya kazi, mzee wa Kiyahudi. Mzee alimkuta na gazeti, akamuuliza kuna habari gani. Poitier akasema kweli: hawezi kumwambia, kwa sababu hajui kusoma vizuri. Tangu hapo kila usiku, kazi ikiisha, mzee alikaa naye na gazeti, neno kwa neno, kwa majuma kadhaa. Poitier alipokuja kuwa mtu mkubwa hakuwahi kupata nafasi ya kumshukuru, na hata uzeeni akikisimulia kisa hicho machozi yalimlenga.

Kwa hiyo tuzo ya Oscar ya Aprili 1964, aliyoipata akiwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwigizaji bora wa kiume, mimi naitazama kupitia gazeti lile. Na kofi pia. Katika picha yake nyingine, In the Heat of the Night, tajiri wa kizungu anamzaba kofi, naye anamrudishia palepale bila kufikiri mara mbili. Wapo waliomlaumu miaka ile kwamba anaigiza mtu mweusi msafi kupita kiasi, wa kuwafurahisha wazungu. Siwabezi, walikuwa na uchungu wao. Lakini mwaka 1959 sahihi yake ilikuwa kwenye barua ya kuchangisha fedha, pamoja na ya mwimbaji Harry Belafonte na mcheza besiboli Jackie Robinson, ili vijana wa Kenya waliotafutiwa nafasi na mwanasiasa Tom Mboya wapate nauli ya ndege kwenda kusoma Marekani. Ndege ya Septemba mwaka huo ilibeba 81. Mtu aliyefundishwa kusoma mkahawani alijua anachokichangia.

Mama yangu alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya 70, alasiri, chini ya mwembe wa shule. Usiku tulikaa kwenye kibatari na gazeti la Uhuru, yeye kidole chini ya neno, mimi pembeni. Nilikuwa na haraka. Akichelewa kidogo nilimdakia neno, naye alinyamaza, akasogeza kidole mbele. Nilifanya hivyo mara nyingi, na hakuwahi kulalamika.

Poitier alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 94. Mama alikuwa ametangulia. Lakini kabla ya hapo niliwahi kumsimulia kisa cha mhudumu, jioni moja tukichambua mchele barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na ungo.

"Yule mzee alikaa naye kila usiku?"

"Kila usiku, mama. Wiki baada ya wiki."

"Basi hakumdakia," akasema, na kuokota chuya.