Pamba za Masikioni, Kutoka Malmö Hadi Nkuhungu

Baba alingoja nimalize kula ndipo akaniuliza: "Mwanangu, huko ulikokwenda ulipata maradhi ya masikio?"

Ilikuwa jioni ya siku yangu ya tatu nyumbani, Nkuhungu, Dodoma, likizo ya Desemba 2024. Nilidhani ananiulizia habari za baridi. Kumbe mchana ule alikuwa amekuja babu mmoja jirani yetu, yule anayekaa chini ya mwarobaini kando ya njia ya kwenda dukani, kumwambia kwamba asubuhi nimempita bila salamu. Aliniita kwa jina langu la utotoni mara mbili. Mara ya pili aliinua na fimbo ili nimwone. Sikugeuka.

Nilikuwa nimevaa iafoni, yaani vile visikilizio vya kutia masikioni, hizi ndogo zisizo na waya ambazo vijana huziita eapodi hata kama zimetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Nimekaa Malmö, kusini mwa Sweden, mwaka wa kumi na moja sasa, na huko sitoki mlangoni bila kuzitia masikioni. Asubuhi ile nilizivaa kwa mazoea nikaenda kununua maandazi. Zangu ni zile zinazozima kelele: kipaza sauti kidogo kinanasa sauti ya nje, kisha kifaa kinatoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanafutana. Ngurumo ya injini inakwisha karibu yote. Sauti ya mtu hubaki kidogo, ila ukishaweka muziki juu yake nayo inapotea. Ndivyo babu alivyopotea, yeye na fimbo yake.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho asubuhi tunakwenda kumsalimia," akaomba maji ya kunawa.

Kwa asiyetufahamu nieleze kidogo. Kwetu Wagogo salamu si neno moja la kutupiana mkipishana. Unasema mbukwa, unaitikiwa mbukwa, halafu ndiyo kwanza mmeanza: watu wa nyumbani, watoto, ng'ombe, shamba, mvua. Desemba ndiyo mwezi mvua inapoanza Dodoma, na kwa nchi kavu kama yetu, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, hilo la mvua peke yake lina mazungumzo ya robo saa. Ukija na Kiswahili, shikamoo inatangulia na marahaba inafuata, na mdogo ndiye anayeanza. Mimi mdogo sikuanza. Mkubwa akaanza kwa kuniita, nikamnyamazia. Kwa mtaa wetu hayo ni makosa mawili yamefuatana.

Babu alitupokea vizuri. Nilimwomba radhi, nikampa zile iafoni azishike. Akaziangalia kwenye kiganja, akaniuliza ndani zinasema nini. Nikamwekea sikioni, nikamchezea ngoma yetu yenye zeze na marimba, akafumba macho mpaka ilipoisha. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mimi sikudhani kama hukunisikia. Nilidhani umenisikia ukakataa."

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kiswahili kina usemi wa zamani kuliko simu yoyote: fulani ametia pamba masikioni. Hausemwi kwa kiziwi. Unasemwa kwa mtu anayesikia na hataki. Sasa tumepata pamba zenye betri, tunazivaa njiani, na mzee aliyekaa kwenye kigoda hana namna ya kujua kama umezibwa na kifaa au na kiburi. Zile za waya angalau waya ulionekana ukining'inia kifuani. Hizi zinafichwa na nywele, na mtandio, na kofia.

Akaniuliza zimetoka wapi. Nikamwambia ufundi wenyewe wa kuunganisha bila waya, huu wa Bluetooth, ulianza kubuniwa mwaka 1994 na wahandisi wa Ericsson katika mji wa Lund, ambao kutoka ninapokaa ni mwendo mfupi wa treni. Na jina ni la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu, kwa Kiingereza Bluetooth, aliyewaunganisha watu wake chini ya utawala mmoja. Walichagua jina lake kwa sababu walitaka vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Babu akauliza kama mfalme huyo alifuga ng'ombe. Nikamwambia Denmark mpaka leo ni nchi ya maziwa, nikaona ameridhika.

Lakini nitakuwa sisemi haki nikiishia kwenye kosa langu, maana Malmö hizo iafoni zilinisaidia na sitaki kuzisingizia.

Nilipofika Sweden nilikuwa nasalimia kila mtu kituoni. Majira ya baridi, saa moja asubuhi bado giza, tumesimama watu sita, mimi naanza kusalimia mmoja mmoja. Mama mmoja akatoa iafoni sikioni kwa haraka, uso umebadilika, akaniuliza kama nina tatizo. Alidhani naomba msaada. Nikamwambia nilikuwa nasalimia tu. Akatabasamu kwa upole, akairudisha iafoni mahali pake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakunidharau. Kule mtu akimwacha mwenzake na ukimya wake ndiyo amemheshimu. Kwenye treni zao za masafa marefu kuna hadi behewa la ukimya, ambamo hupokei simu, na muziki wako usisikike kwa jirani. Nani atamlaumu mtu aliyefunga masikio mahali ambapo kila mmoja amekubali hivyo?

Na bado ukimya ule ulikuwa mzito kwangu. Mwaka wa kwanza niliweka mahubiri ya Kiswahili na taarifa ya habari ya nyumbani masikioni kutwa nzima ili nisisahau sauti za watu wangu. Iafoni ilikuwa ndiyo Dodoma yangu ya mfukoni. Hilo nalisema kwa shukrani.

Kazini ndipo nilipoanza kulitazama upya. Ninatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Wengi wao wana kitu sikioni, kisaidizi cha kusikia, na vya siku hizi vinaunganishwa na simu kwa Bluetooth ileile, bibi anaongea na mjukuu wake bila kushika kitu. Ng'ambo ya daraja linalounganisha Malmö na Denmark kuna kampuni kubwa za vifaa hivi, mojawapo Oticon, iliyoanza mwaka 1904. Kwa hiyo kifaa cha sikioni kwa kijana kinafunga na kwa mzee kinafungua, na ukiangalia kwa mbali huwezi kuvitofautisha. Nimejifunza kumwangalia mtu sikioni kabla ya kumhukumu. Pia kazini kwetu hakuna mhudumu anayeruhusiwa iafoni akiwa zamu. Sababu ni kwamba bibi mmoja alikuwa akijibu maneno aliyodhani anaambiwa yeye, kumbe mhudumu anayemvisha soksi anaongea na mumewe kwenye simu. Nilimwona bibi yule alipogundua. Aliona aibu kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Hilo la kuongea na asiyeonekana ndilo linaloniudhi zaidi, kuliko hata muziki. Kwenye soko la wamachinga Dodoma nilisimama mbele ya muuza vitenge, akaniambia "karibu," nikauliza bei, akasema "elfu kumi na mbili, lakini usimwambie mtu." Nikafurahi, nikafungua mkoba. Alikuwa anaongea na mwenzake kwenye simu. Kitenge kilikuwa elfu kumi na nane. Tulipatana mwishoni, lakini nilimwambia kwa upole, kaka, mteja akisimama mbele yako toa hicho kitu, au hata inua kidole nijue uko na mtu mwingine. Alikubali mara moja. Watu wengi hawana ubaya, hawajaambiwa tu.

Sasa nirudi upande wa pili, maana kuna mahali huko nyumbani Tanzania ambapo ningewaomba watu wavae iafoni na nisiwaone wakizivua. Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, hii iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024. Safari yenyewe ni raha. Saa chache tu upo nyumbani, wakati nilipokuwa shule basi lilituchukua siku nzima. Lakini kabla ya Morogoro nyuma yangu kijana alikuwa na vichekesho kwenye simu, sauti yote nje. Mbele mama ana mahubiri, sauti yote nje. Kulia baba mmoja ana mpira. Mtoto mchanga wa jirani yangu alishtuka mara nne. Hakuna aliyesema neno, na mimi pia sikusema, jambo ninalolijutia. Pale iafoni ya bei rahisi kabisa ya kwa mmachinga ingekuwa ndiyo adabu. Kwenye daladala za Jamatini ni vilevile. Mahubiri ni mazuri, lakini aliyeketi pembeni yako hakuomba kuhubiriwa.

Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilimkuta naye haziachi, nikaanza kumpa somo nililolipata kwa babu. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akasema: "Shangazi, mimi mara nyingi hata sisikilizi chochote. Nikipita stendi bila kuvaa naitwa mrembo, naitwa mchumba, nashikwa mkono. Nikivaa wananiacha." Nilinyamaza. Huyu hakutia pamba kwa kiburi, alijitengenezea mlango kwa kuwa wengine wamekataa kumwachia njia. Sina ujasiri wa kumwambia auvunje. Nilichomwomba ni kimoja, kwamba akifika mtaani, pale nyumba zinapoanza za watu wanaomjua, azivue zote mbili. Moja haitoshi. Mzee akiona umetoa ya kushoto na ya kulia ipo, anajua umempa nusu.

Bodaboda ni habari nyingine, na hapo sina upole. Dereva aliyenipeleka Makole alikuwa nazo zote mbili, kwenye barabara yenye malori. Nilimgonga begani mara tatu ndipo akasikia kwamba tumepita ninapokwenda. Alinieleza kwamba anapokea simu za wateja, na ninaamini, riziki yake iko kwenye simu. Ila honi ya lori nayo inapitia sikio hilohilo. Nilishuka, nikamlipa, nikamwomba kama mtu anavyomwomba mdogo wake aache walau sikio moja wazi. Sijui kama aliacha.

Kuna na afya yenyewe ya sikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa sauti yenye ukubwa wa desibeli 80, na kadiri unavyopandisha sauti ndivyo saa hizo zinavyopungua sana. Ndani ya daladala inayonguruma, yenye redio yake juu, kila mtu anapandisha. Nikiwaona vijana wa miaka kumi na tisa wakifanya hivyo nawakumbuka wazee wangu wa kazini wanaoniomba nirudie sentensi mara tatu, na moyo unaniuma.

Nimesharudi Malmö. Iafoni bado ninazo na kwenye basi la asubuhi nazivaa kama wengine. Kilichobadilika ni simu ya nyumbani. Mama hupiga Jumapili jioni, na akipiga anaweka spika uani, kwa hiyo simu yake si ya mtu mmoja: shangazi yupo, mama mdogo yupo, jirani aliyekuja kuomba chumvi yupo. Zamani nilikuwa napokea ndani ya basi, iafoni masikioni, nanong'ona shikamoo mfululizo nikiwa nimeinama kama ninayeficha kitu, ili nisiwasumbue wenyeji. Nyumbani walikuwa wanalalamika kwamba sauti yangu haitoki. Sasa simu ikiita nashuka kituo kimoja kabla, nasimama pembeni ya kibanda, naziweka kwenye kasha lake, nashika simu mkononi.

Jumapili iliyopita mama aliniambia, "Ngoja usikate, kuna mtu hapa." Nikasikia fimbo ikiegeshwa ukutani.

"Unanisikia?" Alikuwa anapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya korongo.

"Nakusikia, babu. Mbukwa."

"Mbukwa! Huko mvua imenyesha?"

Nikamweleza ya theluji, jinsi inavyoanguka bila kelele na inavyokaa siku nyingi bila kunywewa na ardhi, akawa anauliza na mimi najibu, mpaka vidole vikafa ganzi na basi la pili likapita.