Nyuzi nano za zonotlaiti nilizipata kwenye pumba za mpunga

"Silika ni silika tu, chukua mchanga." Ushauri huu kuhusu silika, ile asili ya mchanga na kioo, nilipewa na watu waliosoma kunizidi, na mpaka leo unanikera.

Nilikuwa natafuta zonotlaiti, madini ya chokaa na silika yanayoota nyuzi nyembamba mno, nzuri kwa kukinga joto la tanuru. Unapima gramu 56 za chokaa hai (iliyochomwa, haijatiwa maji) kwa gramu 60 za silika, ili kila chembe ya kalisiamu iliyo kwenye chokaa ipate mwenzake wa silikoni iliyo kwenye silika. Unatia maji, unafunga kwenye chungu cha chuma chenye kikombe cha Teflon (plastiki inayohimili joto) ndani, kisha oveni, nyuzijoto 210 hivi.

Mchanga niliusaga mpaka ukawa vumbi. Wapi! Eksirei ilionyesha kwatzi, yaani silika ya mchanga, ileile imebaki, kwa sababu fuwele zake huyeyuka polepole mno. Mwingine akanielekeza diatomaiti ya Kariandusi, kule karibu na Gilgil, Kenya: magamba ya mwani wa kale, hayana fuwele, yanayeyuka haraka. Kweli yaliyeyuka, ila hadubini ya elektroni ikaonyesha vibapa vitupu. Ilikuwa tobamoraiti, madini mengine ya chokaa na silika. Diatomaiti huja na udongo, udongo una alumini, na alumini ikishaingia kwenye tobamoraiti huiimarisha isigeuke zonotlaiti. Hakuna hata mmoja aliyenitajia alumini!

Pumba za mpunga zina silika tele na alumini kidogo sana. Mashineni utazipata bure au kwa hela ya soda. Shida ni kuzichoma. Ukizichoma hivihivi, majivu yanabaki na madoa meusi, maana potasiamu iliyomo huyeyuka na kuifungia kaboni ndani. Watakwambia uongeze moto. Usikubali: ukipita nyuzijoto 700, silika huanza kujenga fuwele, na hapo umerudi kwenye matatizo ya mchanga.

Ninachojivunia ni hiki. Kabla ya kuzichoma, nilizichemsha pumba kwenye maji yenye asidi ya sitriki, ileile wanayotia watengeneza juisi, bei yake ya kawaida tu. Asidi inaondoka na potasiamu. Nikazisuuza, nikazianika, nikazichoma kwa nyuzijoto 600, na majivu yakatoka meupe kama unga wa muhogo. Nilifurahi mno. Chokaa nayo iwe ya kuchomwa siku hiyohiyo, kwani ikikaa wazi hunyonya hewa ya kaboni na kurudi kuwa mawe ya chokaa.

Safari hii hadubini ilijaa nyuzi, unene chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na eksirei ikathibitisha ni zonotlaiti.

Chungu usikijaze kupita robo tatu. Kwenye joto hilo mvuke unasukuma kwa takriban bari 19, kwa hiyo usikiguse mpaka kipoe kabisa. Nyuzi zisuuze kwa spiriti kabla ya kuzikausha. Zikikauka na maji hushikana mabonge, na ukiyasaga unakatakata urefu wote ulioupigania.