Tiketi za Gombe: jinsi nilivyoikwepa bei ya wakala

Wakala mmoja hapa Kigoma mjini alitupigia hesabu ya safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe, kwa kila kichwa, mtu mzima na mtoto bei moja. Nikamwomba anichambulie: kiingilio ngapi, mwongozaji ngapi, boti ngapi? Akaanza kuzunguka.

Nikaenda kuuliza kwa watu wa hifadhi wenyewe. Kumbe viingilio vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, vina ngazi: mtoto chini ya miaka 5 bure, wa 5 hadi 15 analipa pungufu, na raia analipa kwa shilingi, si dola. Nikabeba vitambulisho vya taifa (NIDA) na vyeti vya kuzaliwa. Binti yangu wa miaka 15 ameshamfikia mama yake kwa urefu. Bila cheti tungebishana getini.

Kupanda milima kufuata sokwe si kazi ya watoto wadogo, kwa hiyo sikuwalipia mwongozaji. Walibaki ufukweni na mama yao, wakilinda chapati zisiibwe na nyani.

Kiingilio nililipa kwa simu, kwa namba ya malipo. Boti tulikodi Kibirizi, nje kidogo ya mji, pamoja na majirani, tukachangia mafuta. Hapo ndipo pesa nyingi ilipookolewa. Ila ulizia maboya ya kuvaa kabla hujampa nahodha hela.