Toyota IST kuvuta kushoto na kula tairi upande wa ndani, nilivyoimaliza

Wakuu, leo nimetoka Moshi mpaka Arusha steringi imenyooka yenyewe, acha niandike huenda ikamsaidia mtu. Ilikuwa inavuta kushoto, tairi ya mbele inalika upande wa ndani, ukikanyaga breki inayumba. Alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) nilipiga, ikakaa sawa kidogo ikarudi, nikahamisha tairi kulia kushoto wapi, tairodi endi (viungo vya steringi kwenye gurudumu) nazo nzima.

Fundi mmoja wa Majengo ndo akapandisha gari, akachomeka mtaimbo kwenye loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) akasukuma, bushi ya nyuma (kiungo chake chenye mpira) ikacheza kama jino bovu. Mpira ulishapasuka, yani ikisimama kwenye mashine vipimo viko sawa, ikitembea tairi inahama.

Tukaweka bushi mpya pande zote mbili. Sasa hapa ndo penyewe: bolti za bushi usizikaze mazima gari ikiwa inaning'inia! Zishikize tu, shusha gari ikae kwa uzito wake, itikise kidogo, ndo ukaze, la sivyo mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema. Alaimenti iwe ya mwisho kabisa, na weka upepo sawa kwanza, kipimo kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.