Mlango Unaolia

Jana usiku mlango wa stoo umelia tena, kriiii, na kijana wetu akauliza mbona siupaki mafuta. Nikamjibu nasubiri. Nasubiri nini, sikumwambia.

Ni mlio ule ule wa filamu yetu ya zamani. Tulikuwa wanafunzi watatu, mwaka wa mwisho, na kazi yenyewe ilikuwa dakika 2 za mwanzo wa filamu ya taharuki, majina ya watengenezaji yakiwa humo humo.

Karatasi ya kwanza tuliandika shoti 31, yaani vipande vya picha vya kuunganisha. Gawa sekunde 120 kwa 31: hazifiki 4 kila moja. Mwalimu hakuhangaika na hesabu, aliuliza tu, "Nani anaogopa nini?" Kimya. Tulikuwa na kisu, simu inayoita, damu na paka. Tukafuta mpaka zikabaki 14: msichana anasikia bawaba ikilia mwisho wa korido, anaufuata mlango, mkono unashika kitasa. Basi. Majina 6 tuliyapa sekunde 3 kila moja, na kwenye michoro ya shoti hizo tukaacha upande mmoja mtupu ili maandishi yasimkalie usoni. (Wengi hulikumbuka hili wakiwa wanahariri, uso umeshajaa fremu.)

Usiku wa kupiga picha niupite haraka. Taa moja nyuma ya mlango, fremu 25 kwa sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) isivuke 800 maana kamera yetu ikivuka hapo giza linajaa chenga.

Lakini kitasa! Kitasa tulikikalia saa nzima. Kwanza kiling'aa hadi kamera ikajiona ndani yake. Tukakipaka poda kidogo. Kisha lenzi ilikuwa f/2.8, tundu lake likiwa wazi sana, kwa hiyo vidole vikionekana wazi kitasa kinageuka ukungu. Tukalifunga tundu hadi f/5.6, mwanga ukabaki robo, tukaisogeza taa nusu ya umbali, ukarudi ulipokuwa. Halafu mkono: uingie, usimame, uhesabu mbili, ndipo ushike. Mara ya kwanza ulishika kama unafungua jokofu. Mara ya nne kivuli cha mshika maiki kikapita. Mara ya tisa vidole vilianza kutetemeka kweli, kwa uchovu tu, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Hiyo ndiyo tuliyoichukua. Bawaba tuliirekodi peke yake, maiki karibu kabisa, na sekunde 30 za ukimya wa korido, ili shoti zikikatwa sauti ya chini isirukeruke.

Aibu ilitoka kwenye kuhariri. Shoti ya 5 msichana anatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Ya 6, kabati lilinibana, nikahamishia kamera upande wa pili wa njia yake bila kufikiri, akawa anatoka kulia kwenda kushoto. Ukiziunganisha, anaonekana kageuka kurudi alikotoka. Na ufunguo wa korido tulisharudisha.

Kilichotuokoa ni kitasa. Kilipigwa kikitazama lenzi uso kwa uso, hakina kulia wala kushoto. Tukakata sekunde 2 za kitasa kitupu, mkono haujaingia, tukazipachika kati ya shoti hizo mbili. Macho yakapumzika pale, yakasahau msichana alikuwa akielekea wapi.

Siku ya kuonyesha, mwalimu alisimamisha picha hapo hapo. "Hapa anaghairi. Anakitazama, anageuka. Wazo la nani?"

"La huyu, mwalimu," mwenzangu akaninyooshea kidole.

Sikukanusha. Mpaka leo sijui kama nilidanganya. Kitasa kitupu nilikipiga mimi, ila kwa sababu nilisahau kuzima kamera kati ya mara ya nane na ya tisa.

Asubuhi hii kijana amekuja na kopo la mafuta. Nimemwambia asubiri kidogo, naitafuta simu nirekodi.