Kitabu namba 12 na maombi yangu ya tatu

Mara ya kwanza nilipoomba feloshipu ya uzamili wa afya ya jamii, niliandika barua ya kurasa 2 iliyojaa "shauku ya kuitumikia jamii". Nikakosa. Mwaka uliofuata nikabadilisha maneno machache, nikakosa tena. Mwalimu aliyenifundisha epidemiolojia shahada ya kwanza akaisoma, akaiweka mezani. "Wewe ni mkunga wa miaka 7. Mbona mkunga simwoni humu?"

Nikarudi wodini kwa mawazo. Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa kutunza taarifa za huduma za afya, ndicho cha wazazi, na kila zamu ya usiku nilikijaza: mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto. Masika yakishika, BBA ziliongezeka, yaani kajifungulia njiani. Mmoja aliletwa na bodaboda, mtoto kaviringishwa kwenye kitenge, kondo la nyuma bado halijatoka. Mstari wake niliujaza alfajiri, mikono ingali inanuka jiki. Kliniki alihudhuria vizuri tu. Sasa kwa nini alichelewa kutoka nyumbani? Hilo ndilo swali langu la utafiti, na nilikuwa nimelishika mkononi miaka yote ile.

Wenzangu mnaotafuta, someni masharti kwanza. CARTA, muungano wa mafunzo ya utafiti Afrika unaoongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, ni ya uzamivu, na huchukua wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama. Muuguzi wa wilaya kama mimi haimhusu kwa sasa. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa kozi zao za EPOS zinazohusu maendeleo, wanataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2, na kwa kawaida shahada ya mwisho isizidi miaka 6 tangu uipate. Hiyo miaka 6 inaniuma nikiwafikiria wakunga waliokaa kulea watoto wao kwanza.

Mdhamini wa kukuandikia barua mpe mwezi mzima, umpelekee na andiko lako, kisha umkumbushe bila kuona haya. Ruhusa ya mwajiri ianze mapema kuliko vyote. Yangu ilikaa juu ya meza ya mtu siku 41. Niliipata jioni ya siku ya kufunga maombi, nikaipiga picha na kuituma nikiwa nimesimama koridoni.

Safari hii barua niliianza na yule mama wa bodaboda. Wakaniita kwenye usaili. Swali la kwanza la jopo lilikuwa kama alipona.

Alipona.